Mandela, Kongwa na Shamba la Mama

Nianze kwa kuungama. Mwaka wa pili huu ninaandika riwaya ya kisasi. Shujaa wangu ni kijana wa Ugogo aliyedhulumiwa urithi wake, akakimbilia Dar es Salaam, akabeba mizigo Kariakoo hadi akapata fedha, na sasa anarudi kwao. Anarudi kufanya nini? Hapo ndipo nilipokwama. Kijiweni kwetu, Majengo, huwa ninawasomea washkaji sura mbili tatu jioni, kahawa ikipita. Wote wanataka damu. "Amalize tu, bwana, hadithi iishe," wananiambia.

Siku moja mmoja wao, kijana anayejitolea kufundisha shule ya msingi, akauliza kwa nini shujaa wangu asisamehe kama Mandela. Kijiwe kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika, na hasira hiyo ilinishangaza mwenyewe. Shuleni tulifundishwa Mandela kama tulivyofundishwa milima na mito: alifungwa miaka 27, akatoka, akasamehe, tukaandika kwenye daftari, kengele ikalia. Hakuna mwalimu aliyetuambia alisamehe nini, wala kwa idhini ya nani.

Naomba nikueleze ilikotoka hasira yangu, kisha nirudi kwenye historia.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Alituachia shamba la zabibu, ekari mbili, nje kidogo ya mji. Kabla hata matanga hayajaanuliwa, baba mdogo alikuwa ameshauza ekari moja na nusu kwa mtu wa mjini. Ukoo ukaitwa chini ya mbuyu. Maneno yalikuwa mengi, wengine walikuja na fimbo, ikaonekana siku ile watu wangeumizana. Ndipo Babu aliposimama, akasema sisi ni damu moja, kwamba yeye kama mkubwa wa ukoo amesamehe, na yameisha. Watu wakashusha pumzi. Mbuzi akachinjwa. Mama wakati huo alikuwa jikoni anasonga ugali wa kuliwa na nyama ya huyo mbuzi. Hakuna aliyekwenda kumwita.

Basi mimi nikisikia neno msamaha, harufu inayonijia ni ya yule mbuzi.

Sasa twende Kongwa. Utaniuliza, Mandela na Kongwa wapi na wapi? Subiri. Kongwa haiko mbali na Dodoma, ni kilometa zisizofika 100 upande wa mashariki. Unapanda basi dogo kufuata barabara ya Morogoro, unashuka Mbande, unachepuka kuingia ndani. Nilikwenda mwezi Agosti, upepo ukivuma na vumbi jekundu likijaa hadi kwenye meno. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba vijana wa Mandela waliishi kule, na nilitaka kuiona ardhi waliyoikanyaga.

Wazee wa huku wanaikumbuka Kongwa kwa jambo jingine kabisa: karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kwamba yatatoka katika nyika yetu. Kuanzia 1947 wakaleta wataalamu na matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Hawakumuuliza Mgogo kwa nini yeye analima uwele na mtama na kufuga ng'ombe. Kiangazi kikaigeuza ardhi kuwa kama saruji, mvua zikawa za kubahatisha, mizizi ikavunja majembe. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimepotea vumbini. Yakabaki majengo, na ardhi pana iliyofyekwa.

Ni katika mabaki hayo ya karanga ndipo Tanzania ilipowapa wapigania uhuru mahali pa kupiga kambi, mwaka 1964. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa imeweka makao yake Dar es Salaam mwaka mmoja kabla. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, miongoni mwao kijana muuguzi aliyeitwa Samora Machel. Wakaja SWAPO wa Namibia. Na wakaja wa ANC ya Afrika Kusini, wapiganaji wa jeshi lao la Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, wengi wao wakitoka mafunzoni Urusi ya wakati ule. (Hapa kuna jambo ambalo mwandishi wa riwaya hawezi kulipita: mwaka 1998 Mandela alimwoa Graça, mjane wa Samora. Ningelitunga mimi, mhariri angesema nimezidisha.)

Kati ya vijana wa ANC waliopita Kongwa alikuwamo Chris Hani. Alizaliwa 1942, kwa hiyo kambi ilipofunguliwa alikuwa na miaka 22 hivi, rika langu na lako. Alikuwa amesoma Kilatini na fasihi ya Kiingereza hadi akapata shahada. Mtu wa vitabu. Nilipokuwa nimesimama pale, upepo ukinichapa, nilijaribu kumwona: kijana aliyesoma washairi wa Roma ya kale, ameketi kwenye uwanda wa Wagogo, anasubiri.

Maana kazi kubwa ya Kongwa ilikuwa kusubiri. Itazame ramani ya miaka ile. Kati yao na nyumbani kulikuwa na Msumbiji ya Wareno na Rhodesia ya walowezi. Hakukuwa na njia nyepesi ya kupita. Miezi ikawa miaka. Kuna waliokata tamaa wakaondoka. Kuna waliogombana na viongozi wao. Wengine walifia huku na kuzikwa huku, maelfu ya kilometa kutoka kwa mama zao. Hani mwenyewe alikuja kuvuka Zambezi na bunduki mwaka 1967, wakapambana na jeshi la Rhodesia, na wenzake wengi hawakurudi.

Na Mandela yuko wapi wakati huo wote? Yuko gerezani. Lakini usidhani kwamba yule mzee mwenye nywele nyeupe na shati la maua ndiye aliyeingia gerezani. Aliyeingia alikuwa mwanzilishi wa hilo jeshi. Umkhonto ilianza kulipua mitambo ya serikali tarehe 16 Desemba 1961, na Mandela ndiye aliyekuwa kamanda wake wa kwanza. Januari 1962 alitoroka nchini mwake kwa siri, akaingia Tanganyika kupitia Mbeya, nchi yetu ikiwa na umri wa mwezi mmoja tu tangu uhuru. Amesimulia katika maisha yake jinsi alivyoketi hotelini Mbeya akawaona weupe na weusi wakizungumza pamoja, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwao. Dar es Salaam akaonana na Nyerere, akaomba msaada. Nyerere alimshauri waahirishe vita kwa muda, na Mandela hakufurahi. Akaendelea na safari yake hadi Morocco na Ethiopia, akajifunza kulenga shabaha na kutega mabomu. Agosti mwaka huo huo alikamatwa.

Kwa hiyo tusiambiane kwamba alisamehe kwa kuwa moyo wake ulikuwa laini. Tarehe 12 Juni 1964 alihukumiwa kifungo cha maisha. Katika Kisiwa cha Robben alivunja mawe ya chokaa hadi macho yakaharibika. Mama yake alifariki 1968, hakuruhusiwa kumzika. Mwaka uliofuata mwanawe mkubwa akafa kwa ajali ya gari, akazuiwa tena. Sisi wa huku tunajua maana ya mtu kunyimwa kumzika mama yake. Huko gerezani ndiko alikojifunza Kiafrikana, lugha ya makaburu waliomfunga. Wenzake wengine walimwona kituko. Mimi ninaona alikuwa anafanya anachofanya mwandishi: huwezi kumwelewa mtu kama hujui anavyojisemea moyoni.

Alitoka tarehe 11 Februari 1990. Machi alikuwa tayari ameshafika Tanzania kushukuru. Mazungumzo na serikali ya makaburu yakaanza, yakavunjika, yakaanza tena, na watu wakizidi kuuawa mitaani.

Halafu ikaja tarehe 10 Aprili 1993, Jumamosi ya Pasaka. Chris Hani, kijana wetu wa Kongwa, sasa mtu wa miaka 50, Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti na kipenzi cha vijana kuliko kiongozi yeyote ukimwondoa Mandela, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake huko Boksburg. Muuaji, Janusz Waluś, alikuwa mhamiaji kutoka Poland. Bunduki aliipata kwa mwanasiasa mzungu, Clive Derby-Lewis. Walichotaka kinaeleweka: vijana weusi wawake, vita vianze, uchaguzi usifanyike kamwe.

Fikiria uko Soweto usiku ule. Umri wako miaka 20. Mtu aliyeacha masomo, akasota Kongwa, akavuka Zambezi, akarudi nyumbani akiwa hai, ameuawa na mzungu akiwa uani kwake. Mikono yako inataka nini?

Siku zile Mandela aliongea kwenye televisheni ya taifa. Rais bado alikuwa de Klerk, lakini nchi ilimsikiliza mfungwa wa jana. Nimeisoma hotuba ile mara nyingi. Hakuwaambia watu wasikasirike. Aliwaambia mambo mawili yaliyotokea kweli, akayaweka pamoja: mtu mweupe aliyejaa chuki amekuja katika nchi yetu akafanya unyama huu, na mwanamke mweupe, Mwafrikana, amehatarisha maisha yake ili muuaji ajulikane. Ni kweli, jirani wa Hani alishika namba ya gari na kupigia polisi. Ghasia zilitokea siku zilizofuata na watu walikufa, tusifiche. Lakini vita vilivyotarajiwa havikuja. Tarehe 27 Aprili 1994 wakapiga kura, foleni ndefu kama reli, na tarehe 10 Mei akaapishwa.

Mambo ya baadaye unayajua, na mimi nitayapita haraka. Alimwalika kwenye kuapishwa kwake askari magereza aliyemlinda. Juni 1995 alivaa jezi namba 6 ya timu ya raga, mchezo wa makaburu, wakachukua Kombe la Dunia. Agosti akaenda Orania kunywa chai na mjane wa Hendrik Verwoerd, waziri mkuu aliyejenga ubaguzi matofali kwa matofali. Akamkaribisha chakula Percy Yutar, mwendesha mashtaka aliyempeleka gerezani. Magazeti yalizipenda sana hizi picha. Mimi, nikuambie ukweli, zilinikera. Chai ile alikunywa yeye. Yule mama wa Soweto ambaye mwanawe hakurudi kutoka mahabusu, yeye alikunywa nini?

Tena sisi Waafrika Mashariki tulishauona mchezo wa namna hii. Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta, aliyefungwa na wakoloni, alisimama Nakuru mbele ya walowezi akawaambia wasameheane, wabaki, walime. Walowezi walishangilia. Waliotoka msituni baada ya uhuru walikuta ardhi inauzwa, na wao hawana fedha. Mau Mau wenyewe walibaki wamepigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003. Kaburi la Dedan Kimathi, aliyenyongwa 1957, watoto wake walikulia bila kulijua. Kenyatta alisamehe, lakini aliyesamehewa alibaki na shamba na aliyesamehe kwa lazima alibaki na kovu. Huyo Kenyatta, ukiniuliza mimi, ndiye Babu yangu chini ya mbuyu.

Je, Mandela naye? Nilirudi kutoka Kongwa nikiwa nimeshaamua kwamba ndiyo. Nilikuwa hata nimeandika kichwa cha makala hii, kikali kuliko hiki. Kilichonivuruga ni ile Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Shuleni tuliitaja kwa mstari mmoja. Kumbe ndiyo yenye kisa. Sheria yake ilipitishwa 1995, mwenyekiti akawa Askofu Desmond Tutu, na kikao cha kwanza cha kusikiliza walioumizwa kilikaa mji wa East London tarehe 15 Aprili 1996. Hebu ona kilichofanyika pale kwanza. Kabla ya muuaji yeyote kuombewa chochote, waliitwa wajane. Waliitwa akina mama. Wakawekewa kiti, meza, maji ya kunywa na mkalimani, kila mmoja akaongea kwa lugha ya kwao, redio ikirusha nchi nzima. Zaidi ya watu 20,000 walitoa maelezo yao. Katika siku zile za mwanzo Tutu mwenyewe alizidiwa, akalaza kichwa mezani akalia mbele ya kamera.

Kwa upande wa pili, aliyetaka asishtakiwe ilimpasa aseme yote aliyotenda, hadharani, na athibitishe kwamba alitenda kwa sababu za kisiasa. Wapigania uhuru nao hawakuachwa. Ripoti ilipotoka Oktoba 1998 ilitaja na maovu ya kambi za ANC, chama kikaenda mahakamani kuizuia, na Mandela akaipokea hivyo hivyo. Waliomba kinga zaidi ya watu 7,000. Unajua waliopewa ni wangapi? Ni 849. Waluś na Derby-Lewis waliomba, wakanyimwa mwaka 1999. Walionekana hawajasema kweli yote.

Lakini sheria ile haikumtaka mtu aombe radhi. Nilirudia kusoma hapo, nikidhani nimekosea. Hapana. Ukweli ulitosha, toba ilikuwa hiari yako. Mwanzoni nilitukana. Baadaye nikaanza kuona kwa nini. Kama dola ingemlazimisha muuaji kuomba radhi, ingefuata kumlazimisha mjane kupokea. Serikali ilijizuia kuuza kitu ambacho si chake. Ilichokuwa nacho mkononi ni mashtaka na gereza, hivyo ndivyo ilivyoamua kuviweka kando kwa wale waliosema. Kusamehe kwenyewe kulibaki kwa mwenye maiti. Wapo waliosamehe pale pale. Wapo waliosema hapana, na hakuna aliyewafukuza ukumbini.

Ndiyo maana siku hizi ninasema Mandela alifanya kitu kimoja na tukakipa jina la kingine. Alichokataa kwa niaba ya watu wake ni kisasi, na kiongozi ana haki ya kukataa kisasi kwa niaba ya watu, maana kisasi kinawaua hata wasiohusika. Ya kwake mwenyewe, miaka yake 27, alisamehe kwa chai na kwa chakula. Ya wengine aliwaachia, akawaandalia kiti.

Sitaki uniambie nimehongwa na picha. Kiti hakikuwatosha wengi. Familia ya Steve Biko, aliyeuawa na polisi mwaka 1977, ilipinga sheria ile mahakamani mwaka 1996 ikashindwa. Walitaka kesi, na kesi wakanyimwa kwa jina la taifa. Walioumizwa waliahidiwa fidia, wakangoja, na mwaka 2003 kila aliyetambuliwa akapewa randi 30,000 mara moja, basi. Kesi zaidi ya 300 ambazo Tume iliziacha kwa waendesha mashtaka zililala kwenye makabati hadi washtakiwa wakaanza kufa kwa uzee. Mwaka 2025 ndipo Rais Cyril Ramaphosa alipounda tume ya kuchunguza kwa nini zilizuiwa. Na ardhi? Ardhi kubwa ilibaki kwa wale wale, na katika hilo Nakuru na Pretoria ni ndugu.

Novemba 2022 Mahakama ya Katiba iliamuru Waluś aachiwe kwa msamaha wa masharti. Mjane wa Hani, Limpho, alipinga hadharani, kwa uchungu mkali. Kuna waliomlaumu mitandaoni, eti anakwenda kinyume na roho ya Mandela. Mandela alikuwa amekufa tangu 5 Desemba 2013, hivyo hakuweza kuwajibu, lakini Tume aliyoiunda ilikuwa imeshajibu: ilimsikiliza mama huyo, na muuaji wa mumewe ikamnyima kinga. Waluś aliachiwa Desemba hiyo, na Desemba 2024 akarudishwa Poland. Limpho Hani hakuwahi kusema amesamehe. Sioni ni nani wa kumdai.

Niliporudi nyumbani kutoka Kongwa Mama alikuwa uani anapepeta uwele. Nikamweleza habari za Hani, za kambi, za wale wajane na kile kiti chao chenye mkalimani. Alisikiliza huku ungo ukienda juu na chini. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mimi nina miaka ishirini na kitu: "Mama, siku ile ya mbuzi, wangekuita, ungesema nini?"

Ungo ukasimama. Akaniuliza kwa nini nauliza leo. Nikasema naandika. Akasema Babu alifanya vizuri kuzuia zile fimbo, maana siku ile mjomba wangu alikuwa amekuja na panga ndani ya koti, jambo ambalo sikuwahi kulijua. Kisha akaanza kueleza. Alieleza mpaka kuku wakaingia bandani, mpaka giza likaingia, na alipofika kwenye ile miche ya zabibu aliyoipanda yeye akiwa na mimba yangu, alinitajia mstari kwa mstari, ilikuwa mingapi na ipi ilikuwa imeanza kuzaa. Baba mdogo anakaa nyumba ya tano kutoka kwetu. Husalimiana na Mama kila asubuhi. Sikumuuliza kama amemsamehe.

Mswada wangu umefika ukurasa wa 143. Washkaji wanadai sura mpya kila Jumamosi, na mwalimu wa kujitolea ananitazama kama anayenidai fedha. Nimerudi nyuma na kuongeza sura nzima ambayo haikuwamo kabisa, ya mama wa shujaa, jikoni, akisikia makofi kutoka nje. Kijana mwenyewe bado yuko Mbande, na begi lake, anasubiri gari la kumfikisha kwao.